Mada: EWS1 ya E20, nani ameshauza?

Mama Zuhura, Stratford:
Habari zenu wanajumuiya. Mimi nakaa East Village, posta E20, kile kijiji cha wanamichezo cha 2012. Nina asilimia 40 ya flati, iliyobaki ni ya shirika la nyumba (housing association). Nimepata mteja, benki yake inadai EWS1, ile fomu ya usalama wa moto wa kuta za nje. Kumbe yetu ni B2, yaani kuta zinahitaji kurekebishwa! Ofisi inayosimamia jengo nimeipigia mara sita, kila siku naambiwa barua pepe yangu imepokelewa. Nani ameshauza akiwa na B2, na alipitia njia gani? Mteja kanipa mpaka Ijumaa.

Otieno, Luton:
Pole sana dada. Mimi yangu ilikuwa B1, yaani haihitaji marekebisho, na bado ilinikalisha miezi kumi na moja. Wakili alikula hela, nyumba haikuuzika. Lakini usiogope, tangu 2022 sheria inakulinda, kurekebisha hizo kuta za nje hulipii hata senti.

Baba Imani, Leyton:
Otieno, usipotoshe watu. Si kila mtu analindwa. Jengo lifike mita 11 au ghorofa 5, na tarehe 14 Februari 2022 uwe ulikuwa unaishi humo, au usiwe na nyumba zaidi ya tatu Uingereza. Dada, kile cheti cha mwenye flati cha kuthibitisha hayo umejaza?

Otieno:
Nilikuwa naongea na dada, anaishi humo. Soma kwanza, mzee.

Shabani, Barking:
E20 hiyo nimeisafisha mimi. Agosti 2012 tulikuwa zamu ya usiku, flati zote hazina jiko! Wanamichezo walikuwa wanakula kwenye ukumbi mmoja mkubwa, majiko yakawekwa walipoondoka. Tarehe 9 tulijibana watu tisa kwenye kibanda cha walinzi, TV ndogo kama sahani, Rudisha wa Kenya anaongoza mita 800 mwanzo mwisho: 1:40.91, rekodi ya dunia. Meneja alikuja kutufukuza, naye akakwama hapohapo mlangoni na funguo mkononi.

Otieno:
Usinikumbushe, nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwalimu Neema, East Ham:
Na wa Clays Lane je? Walikuwa na nyumba zao za ushirika, zaidi ya watu 400, wakaondolewa 2007 kupisha Olimpiki. Kisha zikaja flati 2,818, karibu nusu zikaitwa za bei nafuu. Nafuu ya nani, sijui.

Otieno:
Na uwanja wa Olimpiki? Kuugeuza tu kulikula pauni milioni 323. West Ham wakapewa miaka 99 kwa kodi iliyoanzia milioni 2.5 kwa mwaka. Huku savisi chaji ya dada, ile ada ya kutunza jengo, inapanda.

Baba Imani:
Afadhali unatumika. Wanangu wanajifunza kuogelea kwenye bwawa lile la Olimpiki alilochora Zaha Hadid. Wakati wa michezo lilikuwa na viti 17,500. Mabawa ya pembeni yaling'olewa vikabaki 2,500. Hapo walifikiri mapema. Sisi nyumbani tunajengea Afcon 2027, Arusha huko, Nairobi huko. Miaka mitatu baadaye mtakuta watu wanaanika mahindi katikati ya uwanja.

Otieno:
Arusha ni yenu. Kasarani ipo tangu 1987 na mahindi hatujaanika.

Shabani:
Mahindi mngeyatoa wapi, si mnanunua kwetu.

Mwalimu Neema:
Jamani, mahindi ya kuchoma na ndimu na pilipili, pale Coco Beach jioni… Hapa wanakuuzia mawili kwenye plastiki, yamechemka yamelegea.

Mama Zuhura:
Baba Imani, cheti nilijaza zamani, nakala ninayo. Sikuuliza nani atalipia kuta. Nimeuliza nani ameshauza akiwa na B2. Leo ni Alhamisi.

Shemeji Kassim, Reading:
Samahani, nimechelewa kusoma. Hiyo flati ni ya vyumba vingapi, na maegesho yapo?