Je, kalori zinazoandikwa kwenye menyu za migahawa zinaaminika kwa mtu anayepunguza uzito?

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Kwa wiki kumi sasa ninapunguza uzito kwa kuhesabu kalori, na nimejiwekea kikomo cha kalori 1,600 kwa siku. Wiki sita za mwanzo nilikuwa nikifanyia kazi nyumbani, nikijipikia na kupima kila kitu kwa mizani, na nilipungua kilo tatu. Tangu nirudi ofisini ninakula mchana mgahawani siku tano kwa wiki, nikiandika kwenye daftari langu kalori zilizochapishwa kando ya jina la chakula, na kwa wiki nne hizi uzito umekwama palepale, ingawa jumla ya kila siku haijabadilika. Huwa nachagua kwa makusudi vyakula vyenye namba ndogo, vya kalori 350 au 400, nikiamini kwamba hiyo ndiyo njia salama. Namba hizo hupatikanaje, na zinaweza kukosea kwa kiasi gani? Nauliza kwa sababu sitaki kujipunguzia chakula zaidi kwa kubahatisha.

Jibu la kwanza

Pole kwa kukwama. Kwa kifupi, namba hizo si za uongo, ila hazikupimwa kwenye sahani uliyoletewa wewe. Mara nyingi mgahawa huchukua mapishi yake kama yalivyoandikwa, gramu kwa gramu, ukatafuta kila kiungo katika jedwali la virutubishi, kisha ukajumlisha. Majedwali yenyewe yamejengwa juu ya kanuni inayotokana na kazi ya mwanakemia wa Marekani Wilbur Atwater katika karne ya 19, inayohesabu kalori 4 kwa gramu ya protini, 4 kwa gramu ya wanga na 9 kwa gramu ya mafuta. Kwa hiyo unachosoma ni wastani uliojengwa juu ya wastani mwingine. Hata pale sheria inapolazimisha namba hizo kuandikwa, kama Marekani ambako tangu Mei 2018 agizo hilo linaihusu migahawa yenye matawi 20 au zaidi, makadirio ya aina hii yanakubalika mradi yawe na msingi unaoeleweka.

Kuhusu kiasi cha makosa, utafiti ninaouheshimu zaidi ulifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts na kuchapishwa mwaka 2011. Walinunua vyakula 269 katika migahawa 42 na kuvipima maabara. Kwa wastani, namba za menyu zilikaribiana sana na ukweli, lakini asilimia 19 ya vyakula hivyo vilizidi kile kilichoandikwa kwa kalori 100 au zaidi. Tena, na hili linakuhusu wewe hasa, vyakula vilivyotangazwa kuwa na kalori chache ndivyo vilivyoelekea kuzidi, huku vile vyenye kalori nyingi vikielekea kupungua.

Sioni hilo kuwa jambo la ajabu. Ukitafuta kila siku namba iliyo ndogo kuliko zote kwenye menyu, huwezi kujua kama ni ndogo kwa sababu chakula ni chepesi kweli au kwa sababu aliyekadiria alipunja, na kadiri unavyozikimbilia namba ndogo kabisa ndivyo unavyozidi kukusanya zile zilizopunjwa. Anayekula bila kuchagua, makosa ya juu na ya chini humfidiana. Kwako wewe hayafidiani.

Jibu la pili

Nimepika mgahawani kwa miaka minane, na naomba niongeze yale ambayo jedwali haliyaoni. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni gramu 14 hivi, yaani takriban kalori 120, na sijapata kumwona mpishi akipima mafuta kwa kijiko wakati wateja wamejaa. Anamimina kutoka kwenye chupa kwa kuangalia kikaango. Sosi huchotwa kwa upawa, na upawa uliojaa na ule uliofurika huonekana sawa kwa mtu mwenye haraka. Tulikuwa na mwongozo wa gramu ubandikwao ukutani, lakini hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba amepewa kingi, hivyo mkono wa mpishi huelekea upande mmoja tu.

Ndiyo maana saladi hunitia shaka kuliko chakula kingine chochote: majani yenyewe hayana kalori za kutajika, na karibu namba yote imebebwa na sosi inayomiminwa juu yake. Omba sosi iletwe kando, uitie mwenyewe. Kipande cha nyama kilichochomwa bila kuongezwa kitu hakina mahali pengi pa kukosea.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Basi je, niongeze asilimia 20 kwenye kila namba ya menyu kisha niendelee kama kawaida?

Jibu la tatu

Ndugu, nisingekushauri hivyo, kwa kuwa kosa halina kiwango kimoja. Sahani moja itakuwa sahihi na nyingine itazidi kwa kalori 200, na nyongeza isiyobadilika itakupa utulivu usio na msingi.

Tena nakubaliana na waliotangulia, ila hesabu yako inaonyesha kwamba menyu haibebi lawama yote. Kilo tatu kwa wiki sita ni nusu kilo kwa wiki, na kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori 7,700, hivyo ulikuwa na upungufu wa kalori 3,850 hivi kwa wiki. Ili milo mitano ya mchana ifute upungufu wote huo, kila mlo ungepaswa kuzidi kwa kalori 770. Hata kila mlo ukizidi kwa 200, inafikia 1,000 tu. Kweli, sehemu ya kilo zile za mwanzo huenda ilikuwa maji, kwa hiyo upungufu wako halisi ulikuwa mdogo kuliko unavyoonekana, na chakula cha mgahawani, ambacho mara nyingi kina chumvi nyingi, huweza kuyarudisha maji hayo mwilini kwa muda na kuficha mafuta yanayoendelea kupungua. Hata hivyo, angalia pia vinywaji vya ofisini na vile vya kuonja visivyoingia daftarini.

Fanya hivi: kwa wiki tatu beba chakula cha mchana kutoka nyumbani, jipime kila asubuhi kabla ya kula, na ulinganishe wastani wa wiki kwa wiki badala ya siku kwa siku. Uzito ukianza kushuka, rudi mgahawani siku mbili tu kwa wiki, ule chakula kile kile kila mara, uone wastani unavyoitikia.