Muhuri wa PDMS (mpira wa silikoni) juu ya dhahabu: mistari imeungana na ina vitundu

Mkemia_Mwera: Assalaam alaykum. Nachapa mistari ya heksadekanethioli (thioli inayokinga dhahabu isiliwe) juu ya kioo kilichopakwa dhahabu nanomita 50, kromu nanomita 3 chini yake. Kiolezo cha muhuri ni CD-R (CD ya kurekodia): utando wa kung'aa umebanduliwa kwa selotepu, rangi imeoshwa kwa ethanoli, mfereji hadi mfereji maikromita 1.6. PDMS 10:1 (msingi kwa kigumishi), saa 2 kwa nyuzi 65. Wino (thioli hiyo ndani ya ethanoli) milimola 10 kwa lita, muhuri unakaa dakika 1. Dhahabu ikishaliwa, mistari imeungana, na iliyobaki ina vitundu. Ni unyevu wa masika?

Bi_Thioli: Waalaykum salaam. Masika yanachangia, maana ethanoli hunyonya maji chupa ikiachwa wazi, lakini mkosaji mkubwa ni wino. Milimola 10 ni nyingi mno: thioli hutambaa pembeni, tena hupita hata kwa mvuke. Shuka hadi 2, kausha muhuri kwa naitrojeni sekunde 30, gusisha sekunde 10 tu.

Shida ni kwamba ukipunguza wino, vitundu huzidi. Hivyo vitibu kwengine. Loweka muhuri ndani ya heksani usiku kucha kisha ukaushe vizuri, kwani mafuta ya PDMS isiyoiva huchafua dhahabu. Maji ya kulia dhahabu yawe KOH (hidroksidi ya potasiamu) mola 1 kwa lita, thiosulfeti ya sodiamu 0.1, ferisianidi ya potasiamu 0.01 na ferosianidi 0.001. Tia oktanoli kidogo; hukimbilia penye upungufu wa thioli na kuziba. Asidi isikaribie kabisa mchanganyiko huo, hutoa gesi ya sumu.

Wete_Nano: Naongeza moja. Mifereji ya CD-R ina kina cha takriban maikromita 0.2 tu, kwa hiyo ukibonyeza kwa kidole, dari ya muhuri (sehemu iliyo ndani, kati ya mistari) hushuka ikagusa dhahabu. Laza kuanzia ukingo mmoja, uzito wake unatosha.

Kutofautisha: wino ukitambaa, mistari hunenepa kote sawasawa. Dari ikishuka, unaona mabaka.

Mkemia_Mwera: Mabaka yapo, khasa katikati. Nitajuaje kabla ya kupoteza dhahabu?

Wete_Nano: Kihemee kioo mara tu baada ya kuchapa. Umande husambaa penye dhahabu tupu na kukusanyika vitone penye thioli. Ukiinamisha kioo kwenye taa, rangi za upinde zinapita kama za CD yenyewe. Penye baka hapatoi rangi. Kioo chenye baka usikitie kwenye maji ya kulia dhahabu. Kisafishe uchape upya.