Ushauri: darasa la tano Lindi kuandikiana barua na watoto wa Berlin

mwl_ngongo: Wakuu, habari za majukumu. Nina wanafunzi 66, darasa la tano, Lindi mjini. Shule moja ya Berlin ina watoto 22 wanaotaka marafiki wa kalamu, barua za karatasi kabisa, kwa Kiingereza chepesi. Idadi hailingani, fungu ni dogo, na wangu wakiachwa wenyewe wataandika "naitwa fulani, napenda mpira" basi. Naanzaje?

dirisha_la_tatu: Mwalimu, usitume barua 66. Watatu watatu kwa rafiki mmoja, hesabu imekaa. Kila kundi karatasi moja ya A4, pande zote mbili, kila mtoto na aya yake. A4 ya kawaida ni gramu 5, kwa hiyo 22 ni gramu 110. Weka na bahasha kubwa ya kaki, haifiki 150. Kila bahasha hulipiwa peke yake hata ikiwa nyepesi, ndiyo maana furushi moja lina nafuu. Ipimwe dirishani, stempu za kukisia zikipungua barua inaweza kurudi au mpokeaji akadaiwa. Lipia rejista: namba ya kufuatilia furushi ina herufi 2, tarakimu 9, halafu TZ. Piga picha risiti siku hiyohiyo, wino wake hufifia.

Anwani za Ujerumani: tarakimu 5 za posta zinatangulia jina la mji kwenye mstari mmoja, nchi iwe mstari wa mwisho kwa herufi kubwa. Ya kwenu ni S.L.P. ya shule, na TANZANIA isikosekane, maana wao wataikopi ilivyo.

kokwa: Na watoto wasichomeke "zawadi". Mbegu za kupanda zinadaiwa cheti cha afya ya mimea kuingia Ulaya, matumbawe yanabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Tena bahasha ikiwa na kitu kisicho karatasi inahitaji fomu ya forodha, na hapo ndipo inapokwama. Michoro inatosha.

mjusi_mkubwa: Mada mnayo mlangoni! Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kilima cha Tendaguru, huko huko Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913 ilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, na leo mmoja amesimama kwenye makumbusho ya historia ya asili hapo hapo Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Watoto wa huko wakamchore na kunakili maelezo yaliyobandikwa. Wa kwenu wawahoji wazee wanajua nini kuhusu Tendaguru. Mtoto akiuliza kwa nini mifupa iko kwao na si kwetu, mwache aulize, usimfutie.

Kila aya imalizike na swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana. Barua isiyouliza kitu haimpi mwenzio pa kuanzia kujibu. Na saa: anayeingia shule saa 1 asubuhi aandike 7:00, la sivyo Mjerumani atadhani mnasoma usiku wa manane.

shangazi_wa_mikindani: Kwangu hayo yote yanakuja baada ya idhini ya wazazi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na watoto. Jina la kwanza tu, hakuna simu, hakuna mtaa, hakuna picha ya sura. Soma kila barua, inayotoka na inayoingia. Na piga marufuku kuomba mpira, saa au laptop. Ikiingia barua moja ya kuomba, upande wa pili wanageuka wafadhili na urafiki umeishia hapo.

mwl_ngongo: Shukrani wadau. Je, nitume lini?

dirisha_la_tatu: Berlin hufunga wiki 6 hivi kati ya Julai na Agosti, ninyi mna Juni na Desemba. Ya kwanza itume Februari, ijibiwe kabla ya Juni. Skani zote kabla hujafunga bahasha. Furushi likipotea unatuma nakala kwa baruapepe, watoto hawaandiki upya.

kokwa: Na weka daftari la nani kaandikiana na nani. Mtoto akihama, wawili waliobaki kwenye kundi wanaendelea.