Naomba ushauri: komba wangu ameharibika shavuni, nifunike kwa goashi, ile rangi nzito ya maji, au nianze upya?

Penseli Laini: Wanajamvi, nachora kwa rangi za maji komba mdogo aliyening'inia kwenye mpini wa mwavuli, kwenye karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Manyoya niliyaanza kwa kulowesha karatasi na kudondoshea kahawia na samawati ili rangi zitambae zenyewe, kisha nikachora nywele mojamoja kwa brashi nyembamba. Kwa bahati mbaya niliongeza maji tabaka la kwanza likiwa bado na unyevu, na sasa shavuni pana doa lenye kingo zilizochongoka kama koliflawa. Nifanyeje? Kazi inatakiwa Ijumaa na usingizi sina.

Brashi Namba Sita: Goashi iache, kwa sababu ikilowa tena huyeyuka na kuchafua tabaka la juu. Lowesha kingo za doa kwa brashi safi, subiri kidogo, kisha gandamiza kitambaa bila kusugua. Karatasi ya pamba huvumilia.

Mzee wa Wino: Mimi niliwahi kumharibu kiboko mwenye viatu vya mvua kwa haraka kama hiyo. Doa nililigeuza kuwa tope la magotini, na watoto wakalipenda tope kuliko viatu. Vijana, jifunzeni subira: gusa karatasi kwa mgongo wa mkono, na ukisikia ubaridi ujue haijakauka.

Jicho Kali: Dada, mimi nasumbuliwa na macho. Kila mboni ina nukta nyeupe katikati kabisa, kama ya taa ya kamera, ilhali kivuli cha mwavuli kinaonyesha mwanga unatoka kushoto. Mkao huu umeutoa wapi?

Penseli Laini: Kwa kuwa umeuliza, niliunakili juu ya meza ya mwanga, ile yenye taa chini ya kioo, kutoka kwenye picha ya mpiga picha ambaye sikumwomba ruhusa. Hata hivyo mwavuli na koti ni vyangu, masikio nimeyarefusha, na mteja aliupitisha mchoro mwezi uliopita, kwa hiyo sioni sababu ya kurudi nyuma.

Jicho Kali: Kurefusha masikio hakukupi ruhusa ya mkao ambao mwenzako pengine aliukesha usiku kuupata.

Karatasi Kavu: Nahisi kisa hiki kimetungwa. Ulisema unachora sasa, kumbe mchoro ulipitishwa mwezi uliopita! Tena anayejua kutambaza rangi namna hii hawezi kushindwa na doa la shavu.

Penseli Laini: Kilichopitishwa ni mchoro wa penseli, rangi nilianza Jumatatu. Nimeweka picha ya ukingo wa karatasi, ambako utepe bado umebandikwa na majaribio ya kahawia yanaonekana. Doa najua kuliondoa, umesema kweli. Niliogopa kuulizwa kuhusu mkao, ndiyo maana nikauliza kuhusu goashi.

Brashi Namba Sita: Basi mwandikie mpiga picha leo. Unapomsubiri, chora vijipicha vidogo kama stempu bila kuitazama picha ile, ukianza na mstari wa mgongo, kwa kuwa mchezo wa mnyama huonekana mgongoni kabla ya usoni.

Penseli Laini: Nimechora vinne. Katika cha tatu komba ameshika mpini kwa mguu mmoja, na koti limemwangukia kichwani hadi macho hayaonekani. Barua kwa mpiga picha nimeituma, na asubuhi nitamwonyesha mteja hicho cha tatu na kumwomba siku tatu zaidi.