Kamati za harusi Dodoma, acheni kutupangia majina ya mwanzo kwenye orodha za ahadi!

Wakuu, salaam.

Leo nina hasira na sitazificha. Kuna mchezo unachezwa kwenye magrupu ya michango ya harusi na sendofu hapa Dodoma, kila mtu anaujua, na kila mtu anaandika "Mungu ibariki kamati" halafu anaenda kukopa.

Unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp bila kuulizwa. Hujajua hata bibi harusi ni mtoto wa nani, orodha imeshatua. Namba 1 mwenyekiti, 500,000. Namba 2 mweka hazina, 300,000. Namba 3 katibu, 300,000. Namba 4 mjumbe, 200,000. Chini yake: "Nakili, ongeza jina lako na kiasi, rudisha kwenye grupu. Karibuni wapendwa."

Sasa hao wanne wa juu ni akina nani? Ni kamati! Walikaa jana yake Area D, nyama ikiwa mezani, wakapanga nani aandike ngapi ili "orodha ianze vizuri". Jamaa yangu aliyewahi kuwa mweka hazina alinionyesha daftari lake. Ahadi ya mwenyekiti iliingia nusu, tena baada ya harusi, kamati ikiwa imeshavunjwa na watu wameshakula na kunywa kwenye hafla ya kuivunja. Ila ile 500,000 ilishafanya kazi yake.

Na msidhani ni ujanja wa kienyeji tu. Mwaka 1951 kuna mwanasaikolojia huko Marekani, Solomon Asch, alichapisha majaribio ambayo ukiyasoma utadhani alikuwa mjumbe wa kamati ya sendofu Kisasa. Aliwakalisha vijana wa chuo chumbani, akawaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, akauliza: upi kati ya hii mitatu unalingana na ule wa kwanza? Jibu liko wazi kabisa. Mtu akijibu peke yake ni nadra sana kukosea. Lakini kati ya wote mle ndani, aliyekuwa hajui kinachoendelea ni mmoja tu. Wengine walishapangwa. Katika raundi 18, raundi 12 walitaja kwa sauti jibu moja la uongo, mmoja baada ya mwingine, na yule mmoja alikaa karibu na mwisho akisubiri zamu yake.

Jaribio lilirudiwa kwa vijana wengi, na kwenye raundi hizo 12 karibu theluthi ya majibu yao yakafuata uongo. Watu watatu kati ya kila wanne waliukubali angalau mara moja. Na pale kulikuwa na mistari tu, jamani. Hakuna hela, hakuna shemeji, hakuna bosi anayesoma grupu kimya kimya.

Kilichonikera zaidi ni hiki. Asch alibadilisha idadi ya waliopangwa. Akiwa mmoja, karibu hakuna athari. Wawili, mtu anaanza kuyumba. Watatu, shinikizo limeshafika karibu na kilele, na kuongeza watu baada ya hapo hakukubadilisha mengi. Kwa hiyo kamati haihitaji umati. Majina matatu ya juu yanatosha, sisi wengine tunajipanga wenyewe.

Mwaka 1955 wanasaikolojia Deutsch na Gerard wakaeleza kwamba watu wanafuata kundi kwa njia mbili. Kuna anayefuata kwa sababu anaamini wenzake wanajua zaidi yake. Kuna anayejua ukweli wake vizuri, ila anaogopa kuonekana wa ajabu. Grupu la harusi linawakamata wote wawili kwa wakati mmoja. Mtumishi aliyehamishiwa ofisi za serikali Mtumba mwezi uliopita kutoka Bukoba hajui huku watu wanachanga ngapi, anaangalia orodha na kusema kumbe hapa ni laki. Mwenyeji anajua kabisa mfukoni ana nini na mwenye nyumba wa Nzuguni anadai kodi ya miezi sita, lakini naye anaandika laki, maana jina lake litasomwa na idara nzima.

Mimi niliandika 20,000. Nilikuwa wa kumi na kitu, juu yangu hakuna aliye chini ya 100,000. Sikutoa maelezo, niliandika jina na kiasi, nikarudisha orodha.

Mnajua kilichofuata? Akaja mtu na 20,000. Akaja mwingine, 15,000. Akaja dada mmoja na 10,000, na emoji ya kucheka juu. Watu walikuwa wamejaa kimya wanasubiri mtu awatangulie! Hili nalo Asch aliliona. Alipoweka chumbani mtu mmoja tu wa kusema jibu la kweli, makosa ya yule mshiriki yalishuka hadi karibu robo ya yale ya mwanzo. Mmoja tu.

Kamati nayo inalijua, hata kama haijawahi kumsikia Asch. Haikuchukua muda grupu likafungwa, wakabaki wanaandika maadmini peke yao. Asubuhi ikaja orodha mpya: kadi ya mtu mmoja (singo) 50,000, ya wawili (dabo) 100,000, "chini ya hapo kadi haitatolewa". Majina yetu sisi wa elfu kumi na ishirini yamewekewa alama ya kuuliza. Halafu inboksi: "Kaka, unashusha morali ya wenzako. Hebu rekebisha pale, tusiaibishane." Nani anamwaibisha nani hapo? Aliyeandika alichonacho, au aliyeandika laki tano za hewa?

Panda daladala ya Mtumba jioni kurudi mjini usikilize. Sendofu hii, kicheni pati ile, sare ya kitambaa, zawadi ya wazazi, bado harusi yenyewe. Watu wazima wananong'ona kwamba wamekopa kikoba, wengine wameingia mikopo ya riba kubwa ya kausha damu, kisa ahadi. Dada mmoja alisema anaweka pembeni hela ya ada ya mtoto kwanza, halafu anaitoa tena mweka hazina akimpigia. Simu ikiita, yuleyule anafungua grupu na kuandika "Amina, tuko pamoja". Kila mmoja anadhani ni yeye tu anayeumia na wenzake wote wana furaha, kwa sababu anachokiona cha wenzake ni mikono ya maombi na makopakopa. Wote wamechoka na hakuna anayejua kama mwenzake amechoka.

Najua majibu yatakayokuja, niwahi.

"Si lazima kuchanga." Mkuu, mwenye harusi ni mtoto wa mtu anayeidhinisha likizo yako. Hebu jina lako likosekane, halafu uje hapa utuambie si lazima.

"Hayo majaribio ni ya wazungu, sisi tuna utamaduni wa kusaidiana." Mwaka 1996 watafiti Bond na Smith walikusanya tafiti 133 za aina hiyo kutoka nchi 17. Walikuta kufuata kundi kuna nguvu zaidi kwenye jamii zinazotanguliza kundi kuliko zinazotanguliza mtu binafsi, na Marekani kwenyewe kumekuwa kukipungua tangu miaka ya 1950. Yaani kama Wamarekani wa Asch waliyumba kwa ajili ya mistari, sisi ndio tulindwe zaidi. Na kusaidiana nakujua. Jirani yangu Mgogo alipofiwa, mama mmoja alikuja na debe la unga, mwingine na kuni, mwingine mikono mitupu akaosha vyombo hadi usiku. Hakuna aliyebandika ukutani nani kaleta nini. (Ingawa daftari la rambirambi nalo siku hizi linapita na kalamu yake, na unachungulia aliyetangulia kaandika ngapi. Hilo ni la uzi mwingine.)

"Bila orodha watu hawachangi." Hapo sasa mmesema ukweli wenu. Kwamba mnajua hela inatoka kwa macho ya watu. Hata mwendesha harambee anayeanza na "nani ana milioni asimame" anajua kwa nini hajaanza na wa elfu tano.

Sijasema harusi zife. Mimi nimeoa, nilichangiwa, nashukuru hadi leo. Ninachotaka ni kidogo sana na hakigharimu kamati hata shilingi. Ahadi ziende kwa mweka hazina inboksi. Kwenye grupu itangazwe jumla peke yake: tumefika ngapi, bado ngapi. Majina na viasi vibaki kwenye daftari lake. Asch mwenyewe alipomruhusu mshiriki aandike jibu lake kwenye karatasi badala ya kulitamka mbele ya wengine, kufuata uongo kulipungua sana. Mistari ilikuwa ileile.

Na kama kamati inang'ang'ania orodha iwe hadharani, basi wajumbe waandike baada ya kulipa, siyo kabla. Mwenyekiti atume kwanza hiyo 500,000 kwenye lipa namba, tuone ujumbe wa muamala, ndipo jina lake likae namba 1. Nina hakika orodha nyingi zitaanza na elfu thelathini.

Mliowahi kukaa kwenye kamati, na najua humu mmejaa, semeni. Majina ya juu mnayapangaje? Kuna aliyewahi kuandika kiasi ambacho wote mezani mnajua hatalipa? Na kuna kamati yoyote hapa Dodoma, Singida au Manyoni iliyowahi kuficha viasi, na mlipata kiasi gani mwisho wa siku? Kama mlipata pungufu mje na hesabu, nitazisoma.

Wa kunitukana nao karibuni, ila muanze kwa kutaja mlichoahidi na mlicholipa kwenye harusi ya mwisho.