Kuwinda kulungu Wisconsin, baridi najikingaje?

Kijana wa Chumbageni: Wakuu, mi mtu wa Tanga ila saa hizi niko Marekani kwa shemeji, mwezi wa 11 wanaenda Wisconsin kuwinda kulungu na wamenialika, msimu wa bunduki siku 9 tu, sasa nilivyozoea joto ntakaaje juu ya mti toka alfajiri nisigande?

Mama Lushoto: Pole mwanangu. Fulana ya pamba achana nayo kabisa, ikishaloa jasho inakupoza mwili. Ndani vaa sufu, juu yake sweta, mwisho koti la kuzuia upepo. Sie Lushoto mwezi wa 7 ndo tunavyopona.

Mzee wa Pori: Nimewinda huko. Wakati unatembea koti lishike mkononi, ukifika ukakaa ndo uvae, maana ukitoka jasho njiani umekwisha. Na buti zisibane, watu wanarundika soksi mpaka damu haipiti, vidole vinakufa ganzi! Halafu nguo ya juu iwe ya chungwa inayong'aa au pinki, sheria hiyo, wenzio wakuone.

Kijana wa Chumbageni: Shikamoo mama, asanteni sana. Chai ya tangawizi naweza kubeba?

Mzee wa Pori: Beba, ila kaa upepo ukupige usoni, kulungu ananusa balaa.