Mchoro wa geti unaojibadilisha: akili mnemba imeniandikia makro, fito zikanitoa jasho

fundi_daftari (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Naomba msaada, na naomba msinicheke sana.

Nina karakana ndogo ya kuchomelea huku Mbagala, mimi na vijana wawili. Kazi zetu ni mageti, madirisha na ngazi za chuma. Miaka yote nilikuwa nachora kwenye daftari la kaunta, kila geti na ukurasa wake. Mwaka jana nikahamia FreeCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kwa sababu ni ya bure na laptopu yangu ya zamani inaimudu. Kumbe nilihama na shida zangu. Mageti ninayotengeneza yanafanana kama watoto wa tumbo moja, kinachobadilika ni upana kati ya nguzo na urefu tu, lakini kila akija mteja mpya naanza kuchora upya. Jioni nzima inaishia kwenye kitu nilichokwisha kukichora mara arobaini.

Basi nikaieleza akili mnemba kwa Kiswahili changu hiki hiki: nataka geti la milango miwili, fremu ya skwea 40 (paipu ya mraba ya milimita 40; namba zangu zisizo na kipimo zote ni milimita), ndani fito za kusimama za skwea 20, nikibadilisha upana kila kitu kijipange chenyewe, na mwisho nipewe orodha ya kukata. Ikaniandikia makro, yaani programu fupi ya lugha ya Python, inayosoma vipimo kutoka kwenye jedwali la FreeCAD. Nikafuta 3000, nikaandika 3600, geti likatanuka mbele ya macho yangu. Nilimwita kijana aje aone. Raha niliyoisikia siku ile, acheni tu.

Sasa sikieni yaliyofuata.

Mteja wa kwanza: kati ya nguzo 3000, nguzo zina urefu wa mita 2.1, chini tuache sentimita 7. Ana mbwa mdogo, kwa hiyo uwazi wowote usizidi 100. Upande wa bawaba naacha 15 kila nguzo, katikati 10, kila mlango unabaki 1480. Toa fremu, ndani ni 1400. Makro ikagawa 1400 kwa 100, ikapata fito 14 kila mlango, milango yote miwili 28, kila ufito 1950. Ikasema kila paipu inatoa vipande vitatu, ninunue paipu 10.

Nikanunua 10. Kijana akaanza kukata, kila paipu ikatoa vipande viwili na kibaki cha mita 1.89. Nikadhani kapima vibaya, nikamfokea. Kumbe makro imeweka paipu ya mita 6, na hizi ninazonunua mimi ni mita 5.8. Nikarudi dukani kuongeza nne ili zitimie 28. Tulipoanza kupanga kwenye fremu, kijana (yule yule niliyemfokea) akaniuliza, "Bosi, huu wa kwanza unakaa wapi?" Makro ilikuwa imeuweka kwenye sifuri, yaani umegandana na fremu. Kwenye kioo ulionekana kama fremu nene tu, sikuushtukia. Na uwazi uliobaki haukuwa 100, ulikuwa 80.

La mwisho: bati la kitasa. Kwenye 3000 linakaa mahali pake. Nikiandika 3600 linaruka, linakwenda kujibandika kwenye ufito wa katikati.

Swali langu: kosa ni la mashine au ni la jinsi ninavyoiuliza? Nirudi kwenye daftari?

juakali_msomi (Nairobi)

Pole sana ndugu. Usirudi kwenye daftari, lakini pia usilitupe. Nitaeleza sababu.

Hesabu ya fito kwanza. Fito zikiwa n, nafasi ni n na moja zaidi, kwa maana kuna nafasi kabla ya ufito wa kwanza na nyingine baada ya wa mwisho. Halafu ufito wenyewe unakula 20. Kwa hivyo chukua 1400 utoe 100, kisha ugawe kwa 120. Unapata 10.83, panda hadi 11. Fito 11 zinakula 220, zinabaki 1180, gawa kwa nafasi 12: uwazi ni 98.3. Geti lako la 3600 lina 1700 ndani ya kila mlango: fito 14, uwazi 94.7. Hili kosa la kusahau ile moja ya mwisho ni la zamani kuliko kompyuta. Mtu yeyote aliyewahi kuchimba mashimo ya ua analijua. Akili unde imelisoma kwetu.

Pili, usiiulize kwenye mazungumzo "zitaingia fito ngapi?" Itakujibu haraka, tena kwa adabu, na kesho ukiuliza vingine jibu litakuwa lingine. Iambie iandike programu, hesabu ifanywe na Python. Na uiambie iweke ukaguzi ndani ya makro: upana wa fito zote ukijumlisha na nafasi zote lazima urudi 1400 kamili. Usiporudi, makro ikatae kuchora. Pia ikatae ikiwa kuna uwazi unaozidi 100. Mistari miwili tu. Ingekuokolea siku yako.

Tatu, ndiyo sababu ya kutotupa daftari. Chagua mageti matatu uliyotengeneza kwa mkono na yakakubali, makubwa kwa madogo. Makro mpya ikija, mpe vipimo vya hayo matatu kabla ya kukaribia duka la chuma. Ikitoa idadi ya fito tofauti na ulizochomelea kweli, mmoja kati yenu amekosea na ni vizuri mjue mapema.

mzee_wa_timazi (Keko)

Mwanangu, nimesoma yote, macho yananiuma. Nina swali moja. Hiyo 3000 uliipimia wapi?

fundi_daftari

Shikamoo mzee. Niliipima kati ya nguzo na nguzo, kama usawa wa kiuno hivi.

mzee_wa_timazi

Marahaba. Mara moja tu? Basi una bahati. Nguzo za tofali hazisimami wima hata siku moja, hasa zikijengwa na mtu anayelipwa kwa idadi ya tofali. Pima chini, pima katikati, pima juu, halafu shika kilicho kidogo. Na angusha timazi. Mimi nilishawahi kufunga geti lililofunguka vizuri chini na kukwama juu, nguzo ililala ndani karibu inchi nzima. Tulichonga plasta usiku, mwenye nyumba amesimama na tochi. Huyo msaidizi wako wa kwenye kompyuta hawezi kuiona hiyo nguzo. Anachora ulichomwambia.

La pili. Paipu za 5.8 ziko hivyo ili ziingie kwenye kontena la futi 20, ambalo ndani halifiki mita 6. Sasa wewe umekata 1950 kwenye paipu ya 5.8, ukabaki na 1.89 mara kumi na nne, na hujalia? Mimi ningemwambia mteja, "Bosi, chini tuache sentimita 10 badala ya 7." Ufito unakuwa 1920. Mara tatu ni 5760. Paipu moja, vipande vitatu, na diski imekula haki yake. Fito zako 22 zinatoka kwenye paipu 8. Sikuhitaji umeme kulijua hilo.

juakali_msomi

Mzee, heshima yako. Hiyo ndiyo ilipaswa kuwa ndani ya makro. Kwa urefu wa 1950 hata angehesabu fito sawasawa angehitaji paipu 11. Kutoka 11 hadi 8 kwa sentimita tatu za chini!

mchoraji_moro (Morogoro)

Kaka, kuhusu kitasa kinachoruka, hilo silo la akili mnemba peke yake. Unatumia FreeCAD toleo gani? Nahisi ni 0.21 au chini ya hapo. Makro yako imebandika bati kwenye uso wenye jina kama "Face6". Majina hayo programu huyatoa yenyewe kwa kuhesabu nyuso za umbo. Ukiongeza fito, nyuso zinaongezeka, hesabu inaanza upya, na Face6 wa jana leo ni uso mwingine kabisa. Ni kama kumwelekeza mgeni "nyumba ya sita kutoka barabarani" halafu watu wakajenga nyingine tatu. Toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 limepunguza sana ugonjwa huu, lakini hata huko mimi siutegemei.

Ninachofanya: hakuna kinachobandikwa kwenye uso wa kitu kingine. Bati la kitasa lishike bapa za mwanzo za mchoro, XY au XZ, na umbali wake utoke kwenye jedwali: upana wa mlango toa nusu ya fremu, urefu kutoka chini 1000. Vigezo vikibadilika, nafasi inabadilika kwa hesabu. Iandikie hivyo waziwazi: "usitumie jina lolote la Face wala Edge." Usipoikataza itarudia, kwa sababu makro nyingi za zamani mtandaoni zimeandikwa hivyo.

Taja na toleo lako kila unapoanza mazungumzo mapya. Mimi iliwahi kunipa makro yenye amri za CadQuery, chombo kingine cha kuchorea, ndani ya FreeCAD. Zote ni Python, zinafanana kwa sura, lakini haikukubali hata mstari wa kwanza.

Na kila namba unayoijua wewe kutoka karakana itoe ndani ya makro, iweke kwenye jedwali: urefu wa paipu, unene wa diski ya kukatia, nafasi ya bawaba. Ile mita 6 ilikuwa imejificha katikati ya makro, sivyo? Ungeiona kwenye jedwali siku ya kwanza ungeifuta mwenyewe.

fundi_daftari

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili. Nilitaka nifanye kwanza ndiyo niseme.

Nilianza upya kabisa. Safari hii sikusema "nichoree geti." Niliandika kwanza kwenye daftari, kwa kalamu, kila ninachokifanya kwa mkono: napima wapi, natoa nini, nakata kwa mpangilio gani. Kurasa mbili na nusu. Mambo mengine sikuwahi kuyasema kwa mdomo, hata vijana wangu walijifunza kwa kuangalia tu. Nikazichapa, nikaipa. Jedwali sasa lina vigezo kumi na moja badala ya vitatu, vikiwemo vipimo vitatu vya nguzo. Makro inachukua kilicho kidogo, mzee, na vikipishana zaidi ya 10 inanipa onyo "ANGALIA TIMAZI". Maneno hayo nimeyaandika mwenyewe.

Nikaipima kwa mageti matatu ya daftari. Mawili yalikubali. La tatu lilikataa, nikaanza kuilaumu, kumbe kwenye geti lile mimi ndiye niliyezidisha ufito mmoja. Limesimama miaka minne sasa na hakuna aliyesema kitu.

Kitasa kimetulia. Nimebadilisha upana kutoka 2400 mpaka 4000 na hakijaruka.

Kuhusu wazo la mzee: niliiambia makro ijaribu nafasi ya chini kuanzia sentimita 5 hadi 10, hatua ya sentimita moja, na kila mara ihesabu paipu. Ikashangilia kwamba 9 inatosha: ufito 1930, vipande vitatu na mikato mitatu ya milimita 3, jumla 5799. Imebaki milimita moja! Nikacheka peke yangu. Kichwa cha paipu huwa hakijanyooka, lazima ukisawazishe kwanza. Nikaongeza kigezo cha "kusawazisha kichwa", 10. Ikarudi kwenye 10 ile ile ya mzee.

Mteja wa pili naye ana mbwa, na naye anataka uwazi usizidi 100. Sentimita 10 za chini zimeangukia pale pale kwenye mpaka. Nilimwonyesha mchoro, akamwita mbwa tukampima kwa tepu. Hapiti.

Kuchora na kuandaa orodha ya kukata sasa ni kama robo saa, na sehemu kubwa ya hiyo ni laptopu kuwaka. Kilichobaki ni geti lenye kichwa cha upinde. Pale fito zote hazilingani urefu na orodha ya mikato inachanganyikiwa. Nalifungulia mada yake.

mzee_wa_timazi

Na zile fito sita zilizozidi, na vibaki kumi na nne vya 1.89?

fundi_daftari

Vibaki nimeviingiza kwenye jedwali, makro inavitumia kwanza kabla ya kugusa paipu mpya. Tisa vimeshaishia kwenye madirisha. Fito sita, mzee, kijana niliyemfokea aliziomba. Ametengenezea banda la kuku, na hakutumia mchoro wowote.